Kupima Chuma cha Nyota kwa Wembe na Mizani

Siku wenzangu wa idara waliponiaga, kijana mmoja alisimama na soda mkononi akasema Madam Nabwire amezifanyia nyota kazi usiku na mchana. Watu wakapiga makofi. Nilinyamaza kwa sababu keki ilikuwa haijakatwa, lakini hiyo habari ya usiku si kweli. Jina langu hupewa mtoto wa kike aliyezaliwa usiku, na kwetu Namboboto wapo wanaoamini hadi leo kwamba ndilo lililonipeleka kwenye nyota. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya mchana, mezani, kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana, na vifaa vyangu vya kwanza vilikuwa wembe, kibano na mizani ya kuazima. Usiku nilikuwa nyumbani nimelala kama watu wengine.

Walinipa saa ya ukutani, zawadi ambayo mtu aliyestaafu haihitaji hata kidogo, wakaniomba niandike machache juu ya miaka yangu ya mwanzo kwa ajili ya wale walioingia idarani wakakuta kompyuta ziko tayari. Basi naandika. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyeo vilichelewa, na mishahara ilikwenda kulikokwenda. Nitaandika zaidi kumhusu Mwalimu Etyang na nyota zake kumi na moja, maana bila yeye nisingekuwa na la kuwaambia.

Niliripoti chuoni hapa Bukhayo mwanzoni mwa muhula, nimevaa sketi mpya na viatu vilivyonibana, nikiwa msaidizi wa maabara ya fizikia. Nilitarajia kazi ya kupangusa sumaku na kuhesabu balbu zilizoungua. Mkuu wa chuo alinionyesha mlango wa mwisho wa jengo. Niliufungua kwa bidii ya mgeni anayetaka kuonekana mchapakazi, nikamkuta mwanamume wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi sikioni, ameinamia meza akikata karatasi kwa wembe. Vipande vyenyewe vilikuwa vidogo, vyenye ncha upande mmoja, mamia kwa mamia. Nilidhani anatengeneza mapambo ya harusi.

"Funga mlango pole pole," akasema bila kuinua kichwa. "Hiyo upepo itabeba chuma yangu."

Nikatazama sakafuni nikitafuta chuma. Nilichelewa kuelewa kwamba chuma chenyewe ni zile karatasi, na nitaeleza hapa kwa ufupi, kwa sababu hata wenzangu wengine hufanya kazi hii kwa kubonyeza tu bila kukumbuka wanabonyeza nini. Mwanga wa nyota ukipitishwa kwenye kifaa cha kuutawanya hutandazika kuwa rangi, kama upinde wa mvua, na ndani ya rangi hizo mna mistari myeusi. Kila elementi ina mistari yake. Mstari wa chuma ukiwa mpana na mzito, nyota ina chuma kingi. Ukiwa hafifu, kimepungua. Zamani mashine iliuchora mwanga huo kwa kalamu kwenye karatasi ndefu ya kuviringwa, na kila mstari mweusi ulionekana kama shimo kwenye mchoro. Ukijua ukubwa wa shimo, unaweza kukokotoa kiasi cha elementi.

Kifaa cha kupimia ukubwa wa mashimo hayo kilikuwepo duniani, lakini si Busia. Kwa hiyo Mwalimu alinakili kila shimo kwenye karatasi safi, akalikata kwa wembe, akalipima uzito kwenye mizani ya idara ya kemia. Kisha akaulinganisha uzito huo na wa kipande cha mraba ambacho ukubwa wake anaujua. Kipande kikiwa kizito mara mbili, basi ni kikubwa mara mbili. Msicheke. Watu wa rika lake waliifanya kazi hii hivyo hata katika nchi zenye kila kitu.

Mwalimu Etyang alikuwa Mteso wa pande za Amukura, barabara ya kwenda Malaba. Alikuwa ng'ambo akisomea udaktari wa falsafa wakati baba yake alipofariki, naye ndiye kifungua mimba, na nyuma yake walikuwepo wadogo wanaohitaji karo. Akarudi. Profesa wake alimruhusu kuja na sanduku la bati lililojaa michoro ya nyota kumi na moja, zote za kundi moja, akamwambia akimaliza kuipima aandike tasnifu yake aitume. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba itumwe ifike kabla profesa mwenyewe hajastaafu. Nilipomkuta, sanduku lilikuwa limekaa miaka mingi chini ya meza ile, na kazi ya kuipima michoro ilikuwa imefika katikati.

Makundi ya aina hiyo huitwa makundi wazi. Nyota zake zilizaliwa pamoja, kutoka wingu moja la gesi, na bado zinatembea pamoja. Wanafunzi wakishindwa kuelewa, Mwalimu aliwaambia wawakumbuke wazee wa kwao wakiwa wamezunguka chungu kimoja cha ajon, ile pombe ya wimbi, yaani ulezi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mmoja anakunywa kwa pupa, mwingine polepole, lakini hakuna anayeweza kudai kwamba yake ni tamu zaidi. Vivyo hivyo nyota za kundi moja zinapaswa kuwa na chuma sawa. Ikiwa moja imezidi, kuna jambo.

Alinifundisha kukata kabla ya kunifundisha kitu kingine chochote. Wembe mpya kila asubuhi. Mkono unaokata hautembei, karatasi ndiyo inayogeuzwa. Kipande hakishikwi kwa vidole bali kwa kibano, na mtu asipumue juu ya mizani. Wiki zangu za mwanzo niliharibu vipande vingi kuliko nilivyotengeneza, naye aliviokota akavitazama kwenye dirisha kimoja kimoja, akaniambia hiki umekata kama mtu mwenye njaa. Nilikasirika. Kesho yake nilikunywa chai kwanza, na kweli mkono ukatulia.

Karatasi zenyewe alizinunua mara moja, rimu zote kutoka duka moja mjini, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba karatasi za ng'ambo ya mpaka zilikuwa nyembamba kidogo kuliko za upande wetu. Alizishika moja moja kwenye mwanga na kuzitenga zenye madoa. Uzito wa kipande cha mraba wa kulinganishia aliupima mwaka aliouanza mradi, akauandika ukutani kwa rangi nyekundu juu ya meza, mkubwa kama jina la duka, ili usipotee. Nilipenda umakini huo. Nyumbani kwetu tulipima kila kitu kwa macho.

Mjini watu walimwita Daktari. Kina mama wa soko la Busia walikuwa wakimsimamisha kumweleza homa za watoto wao, na yeye, akiwa amebeba kabeji zake, aliwajibu neno moja: "Bado." Wengine walidhani anamaanisha dawa haijafika. Mke wake, Mama Amoit, alikuwa mwanamke wa maneno machache na vicheko vingi, muuza karanga, na ndiye aliyeuamini ule udaktari kuliko mtu yeyote. Alikwisha kununua kitambaa cha suti upande wa Uganda, cha kijivu, kimekunjwa kwenye nailoni juu ya kabati, kikimngoja mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili tulimaliza nyota ya kumi na moja. Mwalimu alizipanga hesabu zote kwenye karatasi moja kubwa, na hapo tukaona jambo. Nyota nane zilikaa karibu karibu, kama inavyotakiwa. Tatu zilikuwa juu: ya nne, ya saba na ya tisa. Zilikuwa na chuma kingi kuliko ndugu zao. Sikujua nitazame wapi, karatasi au uso wake. Kama ni kweli, basi hilo kundi halikutoka wingu moja, ama lilitoka wingu ambalo halikukorogwa vizuri, na hakuna aliyewahi kusema hivyo juu ya kundi lile. Alimwandikia profesa. Jibu lilikuja limejaa furaha: hilo ndilo kiini cha tasnifu, aiandike upesi, maana mzee alikuwa amebakiza muda mfupi kazini.

Mwalimu akaanza kuandika. Alikuwa akiimba nyimbo za kanisani huku anaandika, kwa sauti mbaya sana.

Januari iliyofuata nilipata msaidizi mpya wa kufundisha kukata na kupima. Vipande vyote tulivihifadhi kwenye bahasha, kila nyota na yake, kwa hiyo nikachukua bahasha ya nyota ya nne ili ajifunzie mizani. Uzito ukatoka mdogo kuliko ule wa zamani. Nikamwambia arudie. Ukawa mdogo vile vile. Nikafikiri mizani imeharibika, nikaleta bahasha ya nyota ya pili, na hiyo ikalingana kabisa na ya zamani. Nikaleta ya saba: imepungua. Ya tisa: imepungua. Nilimtuma yule msaidizi akanywe chai.

Ninyi mliokulia hapa mnajua masika ya Busia yalivyo. Chumvi inayeyuka kwenye kopo, kiberiti hakiwaki, shuka haikauki mpaka uianike mara mbili. Nyota ya nne, ya saba na ya tisa zilipimwa Aprili na Mei za miaka tofauti. Zile nane zilipimwa wakati wa kiangazi. Karatasi ilikuwa inakunywa unyevu wa hewa, na ule uzito wa mraba ulioandikwa ukutani ulikuwa wa siku kavu. Nilichemsha maji kwenye birika, nikashika kipande juu ya mvuke kwa muda, nikakirudisha kwenye mizani. Kilikuwa kimeongezeka uzito. Tulikuwa tumeipima mvua, tukaiita chuma.

Naomba mnielewe nilivyoogopa. Sikuogopa kukemewa, kwani Mwalimu hakuwa mtu wa kukemea. Niliogopa ule wimbo wake mbaya usije ukakoma. Mtu huyu alikuwa ameacha masomo ili wadogo zake wasome, amekaa na sanduku la bati miaka yote ile, na sasa kwa mara ya kwanza kitu kilikuwa kimemnyookea. Mimi ndiye niliyekuwa naenda kukipinda. Nilizunguka jengo kwanza. Kisha nikaingia, nikafunga mlango pole pole, nikamweleza yote bila kupumzika.

Alinyanyuka akachukua birika mwenyewe, akachemsha, akashika kipande juu ya mvuke, akapima. Akakiacha kikauke dirishani, akapima tena. Alifanya hivyo kwa vipande vitatu. Halafu akapanda kwenye kiti, na kwa ule ule wembe wa kukatia akaanza kuikwangua ile namba nyekundu ukutani, taratibu, mpaka ikabaki plasta tupu.

"Tuanze upya," akasema alipokuwa akishuka. "Na huu mraba tunaupima kwanza, kila siku, kabla ya nyota yoyote."

Basi tukaanza upya. Kama kuna jambo moja la kazi ningependa mlichukue kutoka kwangu, ni hilo: kabla hujaipima nyota, kipime kile unachoipimia. Tulirudia bahasha zote kumi na moja, kiangazi na masika, na kila asubuhi mraba ulitangulia. Nyota ya nne ikashuka ikakaa na wenzake. Ya saba ikashuka. Ya tisa ikashuka nusu ya njia, ikakataa kuendelea. Tulinakili mashimo yake upya kutoka kwenye mchoro, tukakata upya, tukapima siku ya jua kali na siku ya mvua. Ikabaki pale pale, juu kidogo ya ndugu zake. Sikuzoea kuchukia nyota, lakini ile niliichukia.

Mwalimu aliandika kwa profesa akaeleza kosa lote, pamoja na mvua, birika na ukuta. Barua iliyorudi ilikuwa ya upole, na ninasema hivyo kwa sababu baadaye watu walimsema vibaya mzee yule bila haki. Alimsifu kwa ukweli wake. Alisema kuonyesha kwamba nyota za kundi lile zinafanana, kwa vipimo vya uangalifu namna ile, kunatosha kabisa kwa tasnifu. Ila nyota ya tisa iondolewe. Kasi yake ya kuja upande wetu ilikuwa sawa na ya wenzake, kwa hiyo ni ya kundi. Na kama ni ya kundi, basi chuma kilichozidi ni kosa la kipimo kama yale mengine mawili. Wakaguzi hawangekubali vinginevyo, hasa kutoka kwa mtu aliyekwisha kukiri makosa mawili kati ya matatu. Akiiondoa, atapita. Na profesa alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka ule wa masomo.

Kila mtu alimshauri aiondoe. Mkuu wa chuo alimwita ofisini kumwambia hivyo. Mama Amoit alimwambia jikoni, mbele yangu, akimenya karanga, kwamba nyota moja haiwezi kumla mtu mzima. Mimi nilikuwa upande wa Mama. Na bado sidhani ulikuwa ushauri mbaya. Mwenye akili timamu yeyote angesema vile, na mimi mwenyewe nimewahi kuwashauri wengine hivyo hivyo baadaye.

Mwalimu alitusikiliza mpaka mwisho. Alikula karanga mbili tatu.

"Nikiitoa kwa sababu haifanani na zingine," akasema, "si nitakuwa nimechagua zile zinafanana, halafu naambia watu zimefanana? Sasa hapo nitakuwa nimepima nini?"

Mama alimjibu kwa Kiteso, kwa kirefu, nami sikuelewa ila neno "suti". Yeye akatikisa kichwa tu.

Alituma tasnifu ikiwa na nyota zote kumi na moja. Juu ya ya tisa aliandika kwamba ina chuma kingi zaidi na kwamba sababu hajui. Tulikwenda pamoja posta ya Busia. Alibandika stempu mwenyewe, na aliporudi nje alisimama kwenye ngazi kwa muda akitazama malori yanayosubiri kuvuka, kama mtu aliyesahau alichotumwa. Tasnifu haikupita. Profesa alistaafu, na aliyemfuata hakuwa na habari na sanduku la bati wala na mwenye nalo. Kitambaa cha suti kilishonwa hatimaye kwa ajili ya harusi ya binti yao, na nasema kwa haki, kilimkaa vizuri.

Sikumsikia akilalamika hata siku moja. Sokoni waliendelea kumwita Daktari naye akaendelea kuwarekebisha, isipokuwa sasa alisema "Hapana, mama, mimi ni mwalimu," kisha akasikiliza habari za homa hadi mwisho. Alinisukuma nikasome zaidi. Niliporudi na shahada, alinipa meza yake ya dirishani, yeye akahamia ile ya ukutani, na hakutaka mjadala.

Miaka ya katikati ilikuwa na raha zake. Kompyuta ya kwanza ilikuja na umeme ukakatika siku hiyo hiyo, tukaitazama kwa heshima mpaka Jumatatu. Kisha tukapata darubini ndogo ya msaada yenye kifaa cha kutawanya mwanga, tukaipeleka Malaba kwa maonyesho ya sayansi ya shule. Ilikuwa jioni, giza limeingia tu, na wanafunzi wakaielekeza kwenye Kilimia, lile kundi wazi ambalo wakulima wa zamani walilitazama wapate kujua msimu. Wakapata sodiamu kwenye kila nyota, kiasi kile kile. Mmoja akaigeuza kwenye mwezi: sodiamu. Alikuwa tayari kutangaza kwamba mbingu yote imetiwa chumvi. Mwalimu Etyang, ambaye alikuwa amestaafu na alikuja kututembelea tu kwa kuwa ni karibu na kwake, akamshika bega akamgeuza polepole kuelekea yadi ya malori ya mpakani, kwenye zile taa kubwa za manjano zinazowaka kwa mvuke wa sodiamu. Alicheka hadi miwani ikaanguka. Siku hizi wameweka taa nyeupe, na somo lile zuri limepotea.

Halafu ikaja mitandao, nayo ikaleta kile ambacho vijana wangu hamkioni kuwa ajabu. Michoro ya mwanga wa nyota, maelfu kwa maelfu, bure kwa yeyote mwenye subira ya kuipakua. Mistari ambayo Mwalimu na mimi tuliikata kwa miaka, mwanafunzi wangu huipima kabla chai haijapoa. Nimefanya kazi ya makundi wazi mengi kwa njia hiyo: bariamu ya hili, lithiamu ya lile. Yalikuwepo makundi magumu, na yapo mawili ambayo hadi naondoka sijayaelewa. Mtayakuta kwenye kabati la kijani. Katika kazi yote hiyo nilizoea jambo moja bila kujijua. Kila nikikuta nyota isiyofanana na ndugu zake, niliacha jina lake kwenye jedwali, nikaiandika na maneno "sababu hatujui". Wakaguzi wengine walininyooshea kidole. Wengine hawakujali.

Miaka michache kabla ya kustaafu, vilitolewa kwa umma vipimo vya chombo kilichorushwa angani, vinavyoonyesha nyota inaelekea wapi na iko umbali gani, kwa usahihi ambao sisi tusingeuota. Niliviangalia kwa makundi yangu ya kazi kwanza. Ilinichukua muda kupata ujasiri wa kuangalia lile la Mwalimu. Nyota kumi zilikuwa zinakwenda pamoja, upande mmoja, kama ng'ombe wa boma moja wakielekea mtoni. Ya tisa ilikuwa inazikatiza njia. Tena iko mbali nyuma yao kabisa. Haikuwa ya kundi lile wala haijawahi kuwa. Ilionekana tu katikati yao kwa sababu sisi tunatazama kutoka hapa, na ile kasi yake ya kuja kwetu ililingana na yao kwa bahati tupu. Nikatafuta vipimo vipya vya chuma chake. Kilikuwa juu ya wenzake, karibu sana na pale Mwalimu alipokiweka kwa wembe na mizani ya kemia.

Nililia ofisini. Sioni haya kuandika hivyo. Nililia, nikanawa uso, nikaomba ruhusa ya siku moja.

Nilimkuta nyumbani kwake Amukura, sebuleni, kwenye kochi lenye vitambaa vilivyofumwa na Mama. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na alinitambua kwa sauti. Tulisalimiana kwa Kiteso, "Yoga," "Yoga noi," tukaulizana habari za watoto na mvua. Mama Amoit aliandaa ugali wa muhogo na wimbi kwa mchuzi wa karanga, na hapana mgeni anayeruhusiwa kusema lolote la maana katika nyumba ile kabla sahani hazijaondolewa. Zilipoondolewa nikamweleza. Nilieleza taratibu, kwa sababu nilijua atauliza, na aliuliza: umbali umepimwaje, kosa la kipimo ni kiasi gani, nani mwingine amekiona. Nikajibu yote. Kisha nikamwambia kiasi cha chuma.

Alihesabu kwa vidole, polepole, mpaka akafika tisa.

"Kumbe si ya kwao," akasema.

"Si ya kwao, Mwalimu. Namba yako ilikuwa sawa tangu mwanzo."

Nilitegemea afurahi. Nilikuwa nimekuja na furaha hiyo mkobani, niseme kweli, na nilitaka kuiona ikifunguliwa. Lakini alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu kwenye zulia.

"Nabwire, mimi nilidhani ni jasho yangu."

Sikumwelewa. Akaeleza polepole. Kila alipofika kwenye nyota ya tisa viganja vyake vilitoka jasho, kwa sababu alikuwa anaiogopa. Alijua hiyo ndiyo itaamua. Alishika vipande kwa kibano, ndiyo, lakini kunakili unanakili kwa mkono, na mkono unalala juu ya karatasi. Mvua tuliikamata, akasema, kwa sababu mvua inanyeshea kila mtu. Jasho ni la mtu peke yake. Hakuwa na njia ya kulipima, na hakuwahi kumwambia yeyote.

"Sikuitoa," akasema. "Lakini hata siku moja sikuiamini."

Mama Amoit alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kupangusia meza. Alimuuliza kama kweli alikaa na jambo hilo miaka yote ile, akilala nalo kitanda kimoja na yeye, asimwambie.

"Ningekuambia nini, Mama Amoit? Nilikuwa na namba tu. Sababu sikuwa nayo."

Mimi nilikuwa nimeishi maisha yangu yote ya kazi nikiamini kwamba nilimwona mtu mwenye uhakika. Ndivyo nilivyowasimulia wengi wenu, kwamba Mwalimu Etyang alikuwa na uhakika, ndiyo maana hakuyumba. Sikumjua. Aliutoa udaktari wake kwa ajili ya namba ambayo yeye mwenyewe aliishuku kuliko wakaguzi, na aliutoa kwa sababu ndiyo namba aliyoipata. Nilimpenda kabla ya siku ile. Baada yake sikujua niliite nini nililokuwa nalo moyoni.

Mama alikuja akaketi kando yake, akamwekea mkono gotini. Mwalimu akaniomba nimsomee tena hesabu za nyota ya tisa, yake kwanza, kisha ile mpya. Nikasoma. Akaniomba nisome na zile kumi nyingine, na nikazisoma zote kwa mpango wake wa zamani, yeye akizitaja mbele yangu kabla sijafika, maana alizijua kwa moyo. Tulipomaliza aliikunjua mikono yake juu ya magoti, akaileta karibu na macho yake yale yasiyoona vizuri, akapapasa kiganja kimoja kwa kidole gumba cha mkono wa pili, kisha cha pili. Vilikuwa vikavu.